Asante za Mume Wangu

Mume wangu alipoanza kuniambia asante, ndipo nilipojua kwamba nimerudi nyumbani na mgonjwa.

Kabla ya hapo nilidhani ugonjwa tumeuacha Dar es Salaam, kwenye hospitali walikompasua kifua na kumtengenezea njia mpya za damu kwa mshipa waliouchukua mguuni. Tulishuka kwenye ndege Bukoba, upepo wa ziwa ukatupiga usoni, naye akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye gari huku amekumbatia mto mdogo. Mto ule alipewa ili akikohoa au akicheka aubane kwenye mshono. Nilimtazama nikasema moyoni, Mungu mkubwa, yamekwisha. Nikaanza hata kuwaza mapazia ya kufua.

Niseme kwanza niliolewa na mtu wa namna gani, maana bila hivyo hamtaelewa shida yangu. Ni bwana shamba mstaafu. Miaka yote ya kazi alizunguka vijiji vya Muleba akiwafokea watu juu ya migomba yao, na jioni alirudi nyumbani kumalizia yaliyobaki. Si mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na watoto wote amewasomesha. Lakini ni mtu wa kukosoa. Chumvi imezidi, chumvi imepungua, ndizi hizi kamenya nani, mlango huu kauacha wazi nani. Mimi nami sikuzaliwa bubu, kwa hiyo nyumba yetu ya Nyanga, hapa Bukoba, ina kelele tangu tuijenge, na majirani walishazoea. Neno asante katika nyumba hiyo tulilitumia kwa wageni, na kwa Mungu kabla ya kula.

Siku tuliyorudi nilimpelekea uji. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema, asante, mama. Nikadhani ni uchovu wa safari. Jioni nikampa ndizi na maharage bila chumvi, maana ndivyo tulivyoagizwa, chakula ambacho mimi mwenyewe nilikionja jikoni nikakiona ni adhabu. Akala nusu sahani, akasema ni kitamu. Asante, mama. Nilirudi jikoni na ile sahani nikakaa nayo kwenye kigoda, sijui niifanye nini.

Kule hospitalini kulikuwa na muuguzi, mama wa makamo kama mimi, aliyenikalisha chini kabla hatujaruhusiwa akanieleza mambo ya nyumbani. Asibebe kitu kizito. Asijivute kwa mikono anapoinuka kitandani. Atembee, leo kidogo na kesho zaidi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa watu wa hospitali, kwamba kidonda cha kifua kitafunga lakini mwenyewe anaweza kuchelewa kurudi. Anaweza kulia bila sababu, anaweza kukasirika kwa jambo dogo, anaweza kuogopa kulala. Nisishtuke, nizungumze naye, na ikizidi niwaambie kliniki. Nilimshukuru sana. Kilio nilikuwa tayari kukipokea, na hasira za mtu yule ndizo nilizozizoea kuliko mtu yeyote Kagera. Nilijiandaa kwa vyote viwili. Adabu ndiyo hakuna aliyenionya.

Wageni nao wakaanza. Kwetu mtu akitoka kwenye maradhi makubwa, watu huja. Wanakuja na mkungu wa ndizi, na kuku, na sukari, wanakaa sebuleni, unapitishwa ule mfuko mdogo wa kahawa za kutafuna, wanatafuna taratibu huku wanamwangalia mgonjwa. Ni jambo jema na silidharau, kwanza ndizi zile ndizo zilizotulisha. Lakini watu wetu wana kasoro moja, hawawezi kumwona mgonjwa wa moyo bila kumkumbuka mgonjwa mwingine wa moyo. Mmoja alitusimulia habari za bwana wa Kamachumu ambaye naye alipasuliwa, akarudi mzima kabisa, akaoga, akavaa shati safi, akafa. Mama mmoja wa usharika wetu, aliyetoka Ijuganyondo kwa miguu kwa ajili yetu, aliomba sala ndefu ambayo ndani yake alimkumbusha Mungu tena na tena kwamba sisi sote hapa duniani ni wapitaji. Mume wangu akaitikia amina. Kisha akamshukuru kwa kuja.

Baada ya sala ile nilihamisha kiti changu nikakiweka karibu na geti, nikawa napokea wageni huko huko. Nilisema amelala. Wengine walinuna, na mimi nikawaacha wanune.

Ukweli ni kwamba halali. Nikigeuka kitandani namkuta yuko chali, macho wazi, vidole viwili vya mkono mmoja vimeshika kifundo cha mkono wa pili, anasikiliza damu yake inavyopita. Nikimuuliza kama anaumwa anasema hapana, lala tu. Mchana nikimsihi atembee, anakwenda hadi getini na kurudi, kwa utii, halafu anakaa kwenye kiti chumbani na kulitazama pazia. Redio yake hakuiwasha. Migomba michache iliyoko nyuma ya nyumba, ambayo zamani hakuweza kuipita bila kuigusa, sasa anaipita kama inayomhusu jirani. Na kila nikimpelekea kitu, dawa, maji, sweta, asante, mama.

Niliogopa. Daktari alisema moyo unafanya kazi, na mtu mwenyewe alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu kwa heshima zote.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, anafundisha sekondari huko Muleba, na amepanga nyumba karibu na kibanja cha baba yake. Kwa asiyejua kwetu, kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba ya ukoo, migomba na mibuni pamoja, maharage chini yake, na upande mmoja makaburi ya wazee. Mume wangu alikirithi kwa baba yake, naye kwa wake. Tangu alipougua, kijana ndiye aliyekuwa akikihudumia baada ya vipindi vyake vya shule. Jumamosi moja akaja Nyanga na pikipiki, mkungu mkubwa umefungwa nyuma, amejaa vumbi na furaha. Akamsimulia baba yake kazi alizofanya, majani makavu ameyakata, machipukizi ameyapunguza, nyasi ametandaza hadi nyuma ya makaburi. Huku anasimulia akatoa kwenye kiroba omuhoro wa baba yake, ule mundu wetu wa migombani wenye ncha iliyopinda, akauchana mkungu palepale uani. Alipomaliza akaufuta omuhoro kwenye jani, akaurudisha kwenye kiroba, akaufunga kwenye pikipiki.

Baba yake alikuwa amekaa barazani anatazama. Akamwambia amefanya vizuri. Akamwambia asante, mwanangu. Niliona tu kwamba alipokuwa anasema hivyo hakumtazama kijana, alikuwa anakitazama kiroba.

Baada ya Jumamosi hiyo hali ikawa mbaya zaidi. Alianza kugawa vitu. Gambuti zake za shambani alimpa jirani. Koti la mvua akataka nimpelekee mzee wa kanisa. Akanieleza, kwa utulivu kabisa, mahali anapoweka ufunguo wa akiba wa nyumba ya Muleba, kana kwamba miaka yote hii nimekuwa naingilia dirishani. Nilimuuliza anakwenda wapi hata anaaga hivyo. Akatabasamu, akasema haendi popote. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza nguvu.

Tarehe ya kliniki ilipofika tulikwenda hospitali ya mjini. Daktari, kijana mpole, akamsikiliza kifua, akautazama mshono, akasema kila kitu kiko sawa kuliko alivyotarajia. Akamuuliza kama anapata usingizi. Mume wangu akajibu kwamba analala vizuri sana, asante, daktari.

"Mwongo," nikasema.

Daktari akanigeukia. Nikamwaga yote, vidole kwenye kifundo, pazia, gambuti, ufunguo. Nikamwambia na habari ya asante, nikitegemea atacheka, na hakucheka. Akavuta kiti karibu na mume wangu akamweleza kwamba hofu baada ya upasuaji wa namna ile ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, haina aibu, na ina tiba yake kama kidonda kilivyo na yake. Akatupangia siku ya kuonana na mwenzake anayezungumza na wagonjwa wa hivyo. Mimi akanishauri nisimshike kama yai. Nimpe kazi ndogondogo, nyepesi, ajione bado ni mtu wa nyumba. Mume wangu akamshukuru kwa ushauri.

Kazi nyepesi. Nilipofika nyumbani nilifikiri nikapata akili ambayo mwenyewe niliiona kali sana. Nikaweka maharage kwenye ungo, nikampelekea barazani, nikamwambia achambue. Sasa, mwanamume wa umri wake, mzee mwenye kibanja, kukaa barazani na ungo wa maharage mapajani, watu wanapita njiani wanamwona, hilo kwetu ni jambo la kuzua kesi. Nililifanya kusudi. Nilisimama nyuma ya mlango nasubiri anifokee. Nilikuwa na hamu ya kufokewa kama mtu mwenye kiu.

Alichambua. Mawe upande huu, mabovu upande ule, taratibu, punje kwa punje. Alipomaliza akaniita kwa upole, akanipa ungo, akauliza kama yamebaki mengine.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwenye migomba. Nikamwambia Mungu bila kupamba kwamba huyu niliyeletewa simjui, anirudishie yule mkorofi wangu.

Mume wangu ana rafiki mmoja wa Miembeni, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara Bukoba na asirudi tena. Sisi tunamwita Hajji. Wamejuana tangu ujana, na kinachowaunganisha ni drafti, ambayo wanaicheza kwa vizibo vya soda na ugomvi mwingi. Hajji ndiye mgeni pekee niliyemruhusu kupita getini bila maswali, kwa sababu hana hadithi za wafu. Akija anakaa, anazungumza habari za bei za vitenge, anaondoka. Siku chache baada ya ile kliniki alikuja na ubao wa drafti kwapani. Nikawawekea stuli barazani, nikaenda kuketi mahali pangu pa geti.

Hawakukaa muda. Nikamwona Hajji anakuja, ubao kwapani, kofia imekaa upande, uso umembadilika. Akanieleza kwamba mume wangu alikuwa akimwachia ashinde. Mchezo wa kwanza akadhani ni bahati. Wa pili akaona wazi mtu anasogeza vizibo vyake ili viliwe. Hajji akakasirika, akavisukuma vizibo vyote pembeni, akamwambia hakuja kucheza na maiti. Na mume wangu akamjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba basi na yeye Hajji ameshaambiwa.

"Ameambiwa nini?" nikauliza.

"Shemeji," Hajji akasema, "yule anaamini mmekwisha kumrithi."

Kwanza sikuelewa. Akanieleza alivyosikia kwa mume wangu mwenyewe. Nitaeleza na mimi, kwa wasio wa kwetu. Mwenye kibanja akifariki, matanga yakiisha, ukoo hukaa na kumkalisha mrithi mahali pa baba yake, na miongoni mwa vitu anavyokabidhiwa mbele ya watu ni omuhoro wa marehemu. Baba akiwa hai, mtoto ana wake. Anaweza kulima naye miaka yote, anaweza kuvaa hata koti lake, lakini ule omuhoro anaushika baba mwenyewe. Siku hizi vijana hawayatilii maanani haya, na sisi ni watu wa kanisani, nilidhani yamebaki kwa wazee wa zamani. Mume wangu alikuwa amekaa barazani, kifua kimeshonwa, akamwona mrithi wake anautoa omuhoro wake kwenye kiroba, anachana nao mkungu, anaondoka nao. Mkewe amesimama palepale hasemi kitu. Basi akapiga hesabu zake. Madaktari wa Dar es Salaam wamewaambia jambo ambalo yeye hakuambiwa. Ukoo umeshakaa. Kilichobaki ni yeye kutowasumbua.

Ndiyo maana alikuwa na adabu. Alikuwa anaaga.

Hasira zilinipanda kwanza, tena kali. Halafu nikashika geti, nikaanza kucheka. Hajji alinitazama kama anafikiri atapaswa kuita watu. Lakini nilikuwa nimefarijika kuliko siku yoyote tangu tutoke Dar. Wiki zote hizo nilikuwa napambana na kitu kisicho na umbo, na sasa nakijua kilipo, kiko kwenye kiroba huko Muleba.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani nikamwambia hakuna daktari aliyetuambia neno, hakuna ukoo uliokaa, mtoto amechukua chombo cha kukatia majani, basi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, mama, asante. Nikaona wazi hajaniamini. Na kweli, mke gani angesema vingine?

Nikampigia kijana. Nilitaka kumfokea, nikashindwa, maana nilipomweleza nikasikia analia, mwanamume mzima mwenye wanafunzi. Akaniambia panga lake mwenyewe lilikuwa butu, ndivyo ilivyoanza. Lakini haikuwa hivyo tu. "Mama, nilikuwa naogopa atakufa," akasema. "Nikiushika ule mpini naona kama yupo na mimi."

Alitaka apande pikipiki aulete usiku uleule. Nikamkataza. Nilimwambia auache ulipo, baba yake ataufuata mwenyewe.

Daktari nilimuuliza, akasema safari ya gari hadi Muleba haina ubaya mradi asiendeshe na tusimame njiani anyooshe miguu. Nikakodi taksi ya mtu mzima asiyekimbia. Mume wangu sikumwambia zaidi ya kwamba nyumba ya kule inahitaji kuangaliwa. Akakubali, kama alivyokuwa akikubali kila kitu. Nilimwekea ule mto kati ya kifua na mkanda wa gari, tukaondoka Jumapili asubuhi. Tulipotoka mjini nikamwona anageuza shingo kutazama mashamba ya watu. Kila shamba tulilopita, shingo ilikuwa inageuka.

Kijana alikuwa anatusubiri mbele ya nyumba, hajaenda kanisani, amevaa nguo za kazi. Akamsalimu baba yake kwa Kihaya, kwa heshima zote anazostahili mzee, akainama, akamnyooshea omuhoro kwa mikono miwili, mpini mbele.

"Tata, huu ni wako," akasema. "Niliuchukua bila kukuomba. Hakuna aliyenipa."

Mume wangu aliutazama. Hakuupokea. Nilikuwa nimesimama pembeni na mto wake mikononi, na niliona anataka kuamini na anaogopa kuamini. Akampita kijana, akaingia kwenye migomba polepole, mikono nyuma. Sisi tukamfuata. Akapita mgomba wa kwanza, wa pili, akiangalia juu na chini, na kwa kweli kijana alikuwa amefanya kazi nzuri, palikuwa safi. Karibu na mpaka wa jirani akasimama. Pale palikuwa na mgomba mmoja, jani moja la katikati limeanza kuwa la njano na kulegea, wakati mengine bado mabichi.

Mimi sikuliona kabla hajaligusa. Yeye alilishika, akalikunja, akageuka. Akauliza omuhoro huu umefanya kazi wapi kwingine. Kijana akasema kwa mama jirani, mjane, aliomba asaidiwe kukata majani.

"Ukaupitisha motoni kabla ya kurudi huku?"

Kijana akatazama chini. Akasema mara nyingine aliupitisha.

"Mara nyingine!"

Jamani, ile sauti. Kunguru waliondoka kwenye mti. Mnyauko, alifoka, huo ni mnyauko, unahamishwa na chuma kichafu kutoka shina hadi shina, yeye ameusema Muleba nzima mpaka amestaafu, amewaamsha watu alfajiri kuwaonyesha namna ya kuuchoma ubapa, na sasa unaingia kwenye kibanja cha baba yake kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, mwalimu, aliyesomea sayansi. Nikamkimbilia na mto. Akauchukua akaubana kifuani, akaendelea kufoka juu ya mto. Kijana amesimama wima kama wanafunzi wake, machozi yanamtoka na uso unacheka, havikubaliani. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa, nguo yangu nzuri na yote, nikawasikiliza. Sijawahi kusikiliza kitu kizuri namna ile.

Akaagiza moto uwashwe, sasa hivi. Kijana akaleta kuni, akawasha palepale kwenye njia, akaushika omuhoro juu ya moto, upande mmoja na wa pili, huku baba yake anamwambia bado, geuza, bado. Ulipopoa, mume wangu alinyoosha mkono akauchukua. Aliupima kidogo mkononi. Kulikuwa na jani kavu linaning'inia usawa wa kiuno chake, akalikata mara moja tu, bila kunyanyua bega. Likaanguka. Akakata lingine.

Nikamwambia inatosha, daktari amesema kidogokidogo.

"Nani kakuuliza?" akasema.

Kijana akasogea, akamwomba amwachie, yeye ataendelea na lile shina lenye ugonjwa, likatwe na kufukiwa. Akanyoosha mkono. Baba yake akautazama mkono ule, akauvuta omuhoro karibu na mguu wake.

"Kanunue wako," akamwambia.

Kijana akaenda kuazima panga kwa jirani, na alipokuja nalo aliamriwa kulipitisha motoni kwanza. Kabla hatujaondoka mume wangu akamwelekeza mahali pa kuuweka omuhoro, kwenye boriti juu ya mlango wa stoo, mahali pake pa siku zote, kwa kuwa yeye hakuweza kunyanyua mikono. Akasimama chini anahakikisha umekaa sawa.

Njiani kurudi, tulipokwisha kuipita Muleba mjini, alianza kulia. Yule muuguzi alikuwa ameniambia, na bado nilishtuka. Nikamshika mkono. Dereva, Mungu ambariki, akawa na shughuli nyingi sana na barabara. Nilimuuliza kwa nini wiki zote zile hakuniuliza tu, mimi mkewe, kama ni kweli.

"Niliogopa utanijibu," akasema.

Sitaki kudanganya kwamba alipona siku ile. Kwa yule mtaalamu wa kuzungumza tulikwenda, na tunaendelea kwenda, na mara nyingine bado namkuta na vidole kwenye kifundo cha mkono. Nikimkuta hivyo sasa ananiambia anaogopa, na mimi nakaa naye mpaka ipite. Gambuti ilibidi nikaziombe kwa jirani, jambo la aibu, lakini nilikwenda. Hajji amerudi na ubao wake, na anafungwa, na analalamika kwamba anaibiwa.

Jioni ile ya Muleba tulifika Nyanga tumechoka. Nikapika haraka, ndizi na maharage yaleyale aliyochambua yeye, bila chumvi. Nikampelekea mezani. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini, akaisukuma sahani mbali kidogo.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Nikamwambia ni chakula, na daktari ndiye aliyekataza chumvi. Akasema daktari si yeye anayekila. Akauliza kama hata limau limekatazwa, au ni mimi tu nimeamua. Nikakata limau, nikamkamulia. Akala yote, akachukua redio yake, akaenda barazani kusikiliza taarifa ya habari, na hakusema asante.